Pentax Papilio II 6.5x21: darubini ya kutazama chini, si juu

Anayeuliza achukue darubini gani kwa ajili ya bustani za mjini wakati wa kiangazi huambiwa karibu kila mahali anunue ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 yenye lenzi za mbele za milimita 42. Kwa ndege ushauri huo hauna kasoro. Tatizo ni kwamba kiangazi si msimu mzuri wa ndege kama wengi wanavyodhani. Miti imejaa majani. Makinda wengi wameshatoka viotani, madume hawana tena sababu kubwa ya kuimba, na ndege waliokomaa wengi wako katika kubadilisha manyoya, kipindi ambacho hupenda kukaa kimya na kujificha. Ikifika saa nne asubuhi, jua likiwa kali, unaweza kuzunguka bustani nzima huku shingo inauma na usipate cha maana.

Chini ya kiuno hali ni nyingine kabisa. Kereng'ende wanagombania matete ya bwawa, vipepeo wanapokezana maua, kuna nyuki wa aina ambazo mpita njia hajui kama zipo, mijusi wanaota jua ukutani, buibui wanawinda juu ya majani ya ua. Wote hao wako mita moja au mbili kutoka ulipo, na hapo ndipo darubini ya kawaida inaposhindwa, kwa sababu haiwezi kulenga karibu kiasi hicho. Papilio II imeundwa kwa kazi hiyo. Kwa kazi hiyo tunaiweka mbele ya darubini yoyote kubwa. Kwa kazi nyingine tunaiweka nyuma ya nyingi, na tutaeleza kwa nini.

Namba moja inayobeba zote

Maelezo yake ya kiufundi hayashtui mtu. Inakuza mara 6.5, kipenyo cha lenzi ya mbele ni milimita 21, ndani kuna prizima za Porro (vioo vya pembe vinavyosimamisha picha wima) za kioo cha BaK4, zilizogeuzwa, ndiyo maana lenzi za mbele zimekaribiana kuliko zile za macho. Uzito ni gramu 290 hivi. Upana wa uoni ni nyuzi 7.5, sawa na mita 131 kwa umbali wa mita 1,000. Toleo hili la pili lina lenzi zilizopakwa tabaka nyingi za kuzuia mwako, na tofauti yake na toleo la kwanza inaonekana hasa ukielekea upande wa jua.

Namba ya kutazama ni ya fokasi ya karibu, yaani umbali mdogo kabisa ambao inaweza kulenga: sentimita 50. Ili ujue maana yake, gawa umbali kwa ukuzaji. Jibu ni umbali ambao jicho tupu lingelazimika kusogea ili lione kitu kwa ukubwa uleule. Sentimita 50 ukigawa kwa 6.5 unapata chini kidogo ya sentimita 8, na jicho la mtu mzima halioni vizuri kitu kilicho karibu hivyo. Sasa chukua 8x42 inayoishia mita 2: unapata sentimita 25, yaani umbali wa kusomea kitabu. Zipo zinazoishia mita 4, na hizo zinakupa sentimita 50. Kwa kipepeo, hiyo ya mwisho haina faida yoyote kuliko kuinama na kuangalia kwa macho yako mwenyewe, kama atakubali uiname.

Kulenga karibu peke yake hakutoshi. Mirija miwili ya darubini ya kawaida imewekwa sambamba ili itazame mbali. Ukiilazimisha itazame kitu kilicho karibu mno, kila mrija unaona upande wake, macho yanavutana kuunganisha picha, na baada ya dakika chache paji la uso linauma. Wengi hufumba jicho moja bila kujua. Katika Papilio lenzi za mbele hazikufungwa mahali pamoja: ukizungusha gurudumu kwenda karibu, zinateleza na kukaribiana ndani ya kiunzi, nyuma ya kioo bapa kinachofunika uso wa mbele. Matokeo yake ni picha moja, ya macho mawili, yenye kina. Mguu wa nyuki unatokeza mbele ya petali, na petali inatokeza mbele ya jani. Kina hicho ndicho kinachomfanya mtu aliyezoea lenzi ya mkono aache kuitumia, kwa sababu lenzi ya mkono ya mara 10 inataka umshike mdudu kwanza.

Kuirekebisha kabla ya kutoka

Watu wengi wanaosema haina ukali wamekosea kuweka dayopta, yaani pete inayosawazisha ukali wa jicho moja na jingine. Fanya hivi. Anza na upana wa macho: sogeza vikombe vya macho mpaka duara mbili ziwe moja. Masafa yake ni takriban milimita 56 hadi 74, kwa hiyo mtoto mdogo sana ataendelea kuona duara mbili hata ufanyeje. Kisha tafuta kitu chenye mistari mikali, kama maandishi ya kibao, umbali wa mita 5. Ziba upande wa kulia wa kioo cha mbele kwa kiganja, macho yote yakiwa wazi, na zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa. Hamisha kiganja upande wa kushoto. Gurudumu la katikati usiliguse tena. Zungusha pete ya jicho la kulia tu. Ukimaliza, weka alama ndogo kwenye pete hiyo, kwa sababu huwa inasogea ndani ya begi.

Usifanye marekebisho haya ukitazama kitu cha mbali sana mchana wa jua. Hewa ya joto juu ya lami na zege inatetema, na utahangaika na pete huku kosa liko hewani. Mtetemo huo, kwa bahati, hauharibu picha ya kitu kilicho mita moja. Saa saba mchana, wakati mwenye darubini kubwa anaona bata wanaoyeyuka upande wa pili wa bwawa, mwenye Papilio bado ana kazi ya kufanya.

Mvaa miwani ashushe vikombe vya macho kabisa. Umbali ambao jicho linaweza kukaa nyuma ya lenzi na bado lione duara zima ni milimita 15, unaotosha kwa miwani mingi lakini si yote. Kama lenzi za miwani yako ziko mbali na uso, utapoteza ukingo wa duara.

Gurudumu na kwa nini linakukera siku ya kwanza

Kuna lalamiko moja linalorudiwa na kila mnunuzi mpya: gurudumu linazunguka sana. Kweli linazunguka sana, na sababu ni ya kimaumbile. Safari ya fokasi haifuati mita, inafuata kinyume cha umbali. Dayopta hapa ni kipimo, yaani moja ukigawa kwa umbali wa mita: kitu cha sentimita 50 kinadai dayopta 2, cha mita 1 kinadai dayopta 1, cha mita 2 kinadai nusu, na cha mbali kabisa sifuri. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya mzunguko wote inaishia kati ya nusu mita na mita moja, na robo tatu inaishia kabla hujafika mita 2. Kutoka mita 5 hadi upeo wa macho ni kugusa tu. Ukitoka kwa kipepeo aliye miguuni kwenda kwa ndege aliye juu ya mti, lazima uzungushe, hakuna namna.

Dawa yake ni kulenga kabla ya kuinua. Ukiwa umesimama, ncha ya kiatu chako iko kama mita moja na nusu kutoka machoni. Lenga kiatu, acha gurudumu hapo, na sasa chochote utakachokikuta ardhini karibu na miguu kitakuwa karibu na ukali unaotakiwa. Kwa maua ya usawa wa kifua, nyoosha mkono na ulenge kucha zako. Mdudu akitokea, rekebisha kwa mwili, si kwa kidole: egemea mbele kidogo, rudi nyuma kidogo, mpaka macho yake yang'ae. Kwa umbali wa nusu mita kina cha ukali ni milimita chache tu, kwa hiyo kuyumba kwa mwili kunatosha kukivuka. Ndiyo maana pia upepo ni adui mkubwa kuliko jua. Shina linalopepesuka sentimita mbili linaingia na kutoka kwenye ukali mara kwa mara, na hakuna gurudumu linaloweza kulifuata. Siku ya upepo, nenda kwenye kuta, mashina ya miti na madaraja ya mbao, achana na maua.

Jambo la pili la kuzoea ni udogo wa duara. Nyuzi 7.5 kwa nusu mita ni upana wa sentimita 6.5 tu, kwa mita moja ni sentimita 13. Ukimkosa mdudu kwa upana wa kiganja, humwoni kabisa, unaona kijani. Mtazame kwa macho matupu, usiondoe macho, kisha leta darubini mbele ya macho. Anayeangalia chini kutafuta vikombe vya macho ameshampoteza.

Inaonyesha nini hasa

Kereng'ende ndio mtihani bora. Wale wanaokaa na mabawa wametandaza wakitua wana tabia ya kurudi kijitini palepale baada ya kukimbiza windo, na tabia hiyo ndiyo ngazi yako. Usimsogelee akiwa ametua. Ana macho yanayoona karibu pande zote. Subiri aruke, piga hatua mbili, ganda. Atarudi, atazunguka kidogo, atatua. Rudia. Kwa uvumilivu utafika mita moja, na hapo unaona kisichoonekana kwa 8x42: doa lenye rangi kwenye ukingo wa mbele wa kila bawa karibu na ncha, vishipa vya bawa, vishikio vya ncha ya mkia vinavyotofautisha dume na jike. Mchana wa jua kali utawaona wengine wameinua fumbatio (sehemu ya nyuma ya mwili) juu wima kuelekea jua. Hilo si tishio, wanapunguza eneo la mwili linalopigwa na joto. Wale wembamba wanaokunja mabawa juu ya mgongo wana macho yaliyoachana kama kengele mbili za baiskeli, na kwa Papilio nafasi kati ya macho hayo inaonekana wazi.

Vipepeo wanataka ratiba. Kati ya saa mbili na saa nne asubuhi wanakaa na mabawa wazi ili wapate joto la kurukia, na hapo unaona upande wa juu. Jua likipanda wengi hufunga mabawa, na sasa unapata upande wa chini, ambao kwa spishi nyingi ndio wenye alama za kutofautishia. Kwa hiyo anayetaka kutambua kipepeo kwa uhakika atumie saa zote mbili. Tafuta pia tope lenye unyevu pembeni mwa bomba linalovuja au ukingo wa bwawa: madume hukusanyika hapo kunyonya chumvi, hasa sodiamu, na wakishaanza kunyonya hawashtuki upesi. Kosa linalowafukuza ni kivuli. Jua likiwa mgongoni unaona rangi vizuri, lakini kivuli cha kichwa chako kinatangulia; kaa ubavuni kwa jua na uiname kwa magoti, usiiname kwa kiuno, kwa sababu darubini itaning'inia na kupiga ua.

Nyuki na waigaji wao ndio sehemu ambayo darubini hii inamfundisha mtu zaidi. Karibu kila kitanda cha maua mjini kina nzi wa maua waliovaa mistari ya njano na nyeusi ili waonekane kama nyigu. Kwa macho matupu wanadanganya. Kwa sentimita 60 hawawezi: wana mabawa mawili tu, papasi (pembe za kupapasia kichwani) fupi kama vinywele, na macho yaliyochukua karibu kichwa chote. Nyuki ana mabawa manne na papasi ndefu zenye kiwiko. Kisha angalia chavua iko wapi. Nyuki wa asali huibeba miguuni, kwenye miguu ya nyuma, imeshindiliwa kama donge. Nyuki wakata-majani huibeba chini ya fumbatio, na ukimwona akiinua mkia juu ya ua utaona tumbo lote limepakwa njano. Baada ya hapo tafuta kichaka cha waridi chenye majani yaliyokatwa miduara safi ukingoni, utajua nani alikuwa pale.

Vidukari kwenye shina changa wanastahili dakika kumi za kukaa kitako. Sisimizi anawapapasa kwa papasi zake, kidukari anatoa tone la majimaji matamu, sisimizi analinywa. Tone hilo linaonekana. Buibui warukao, wasiotega utando, hugeuka na kukutazama kwa macho yao mawili makubwa ya mbele, na ukitikisa kidole polepole watakifuata kwa mwili mzima. Mijusi wa ukutani hawahitaji nusu mita. Simama mita 2, usisogee, na utahesabu magamba ya kichwa na kupe walioganda karibu na sikio.

Ukaribu huu una mpaka. Kiota cha ndege kilicho kwenye ua mfupi wa mimea si cha kusogelea eti kwa sababu darubini inaweza kulenga hapo. Mzazi akiruka kwa hofu, mayai yanapigwa jua na kunguru wanajua pa kwenda. Kiota kitazamwe kwa mbali, kwa darubini kubwa, au kisitazamwe.

Kwa ndege, na jioni

Kwa ndege wa bustani inatosha, haifurahishi. Shomoro anayeoga vumbi umbali wa mita 13 anaonekana kama yuko mita 2, na hiyo ni picha safi. Kichwani mwa mti wa mita 25 mambo yanakuwa madogo, na mwewe anayezunguka juu sana unampata umbo tu. Upana wa nyuzi 7.5 si mbaya kwenye karatasi, ila kwa ukuzaji mdogo kama huu unakufanya uhisi unatazama kupitia bomba: zidisha 7.5 kwa 6.5, unapata nyuzi 49 hivi za uoni wa jicho, wakati 8x32 nzuri yenye nyuzi 8 inakupa 64. Mtu aliyetoka kwenye darubini pana ataona tofauti hiyo mara moja na hataipenda.

Mwanga ndio mpaka mgumu zaidi. Gawa 21 kwa 6.5, unapata mwale wa milimita 3.2 unaoingia jichoni. Mchana wa kiangazi mboni ya jicho imejibana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo hupotezi chochote, na 42 ya mwenzako haikuzidi kitu. Jioni mboni inafunguka milimita 5 na zaidi, na sasa Papilio inalisha jicho sehemu ndogo ya kile linachoweza kupokea. Popo wanaotoka machweo, bundi, nungunungu wa mjini ukibahatika: sahau. Kwa hao 8x42, yenye mwale wa zaidi ya milimita 5, ndiyo chombo.

Kuna faida moja ya kijamii ambayo maelezo ya kiwandani hayaitaji. Mjini, mtu akielekeza darubini kubwa juu ya ua wa bustani, lazima itaelekea dirisha la mtu, na maswali yatafuata. Anayechungulia chini kwenye maua na kifaa cha ukubwa wa kiganja huonekana mtu wa ajabu tu, basi.

6.5 au 8.5

Ipo 8.5x21 yenye kiunzi kilekile na fokasi ileile ya sentimita 50. Wengi huichukua kwa sababu namba ni kubwa. Sisi hatuipendekezi kwa kazi hii. Uoni unashuka hadi nyuzi 6, yaani duara la sentimita 5 tu kwa nusu mita, na kereng'ende mkubwa hatoshi humo. Mwale unashuka hadi milimita 2.5, kwa hiyo chini ya kivuli cha miti picha inafifia mapema. Mtetemo wa mkono unakuzwa zaidi, na ukiwa umechuchumaa bila pa kuegemea hilo linaonekana. Inafaa kwa mtu mwenye tripodi anayetaka kukaa mbele ya ua moja kwa muda mrefu. Zote mbili zina tundu la skrubu ya tripodi, na kwa urefu wa bustani mguu mmoja wa kuegemea ni bora kuliko miguu mitatu inayokanyaga maua ya manispaa.

Kwa tundu hilohilo unaweza kupiga picha kwa simu. Funga darubini kwenye tripodi, lenga kwa macho, kisha weka kamera kuu ya simu, si ile ya upana, katikati ya lenzi ya jicho, vikombe vikiwa vimetolewa nje ili umbali ubaki sawa. Ukiona pete nyeusi, sogea kidogo kando kabla ya kusogea mbele. Bila kufunga, usijisumbue.

Kinachoharibika

Haizuii maji. Hili ndilo kosa lake kubwa kwa kifaa cha kupigia magoti kwenye umande. Mvua ikianza, iingie mfukoni. Ikiloa, ifute, iache mahali pakavu penye hewa, usiianike juani wala kuiweka juu ya kitu cha moto. Ukungu ukiingia ndani na ukabaki, kuvu hufuata na kula upako wa lenzi. Nyumbani iwekwe kwenye kopo linalofunga lenye pakiti za silika zinazofyonza unyevu. Na isiachwe ndani ya gari siku ya jua, kwa sababu grisi ya gurudumu hulainika na kutambaa kwenye vioo.

Dawa ya mbu yenye kemikali ya DEET inayeyusha plastiki na kuharibu mpira. Paka nusu saa kabla, nawa viganja kwa sabuni, ndipo ushike darubini. Mafuta ya kuzuia jua nayo yanaacha utando kwenye kioo cha mbele, na kioo hicho, kwa kuwa ni kipana na kiko wazi, hushikwa vidole mara nyingi. Puliza vumbi kwanza, kisha futa kwa kitambaa cha lenzi. Ukifuta huku mchanga upo, unapiga msasa.

Mkanda ufupishwe mpaka darubini ikae juu ya kifua, la sivyo ukiinama inabembea na kumpiga yuleyule uliyekuja kumwona. Usiielekeze kwenye jua hata kwa sekunde moja, jambo ambalo ni rahisi kulisahau unapomfuata kipepeo anayepaa.

Ukinunua iliyotumika, jaribu vitu viwili kabla ya kulipa. Kwanza, tazama ukingo wa paa la mbali, kisha rudisha darubini taratibu hadi sentimita 20 kutoka usoni: mstari wa paa katika duara zote mbili uwe usawa mmoja. Pili, na hili ndilo watu huruka, zungusha gurudumu hadi mwisho wa karibu na utazame maandishi madogo yaliyo nusu mita, ukifumba jicho moja baada ya jingine. Neno lililo katikati kwa jicho la kushoto liwe katikati kwa jicho la kulia pia. Kama limehama, au gurudumu linakwama njiani, huenda ilianguka na mtambo wa kusogeza lenzi umepinda. Kwa mbali itaendelea kuonekana nzima, na muuzaji atakuonyesha ya mbali.